Namna ya kupima umaskini wa kaya na kujua kama unapungua: kutoka daftari langu la Newala

Machi 2015 niliingia kwenye kaya moja huku Newala, mkoani Mtwara, dodoso mkononi, nikiwa mdadisi wa utafiti mdogo wa mradi fulani. Mwenye kaya alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, anaishi na watoto wake watatu na mama yake mzazi. Nikauliza chakula cha siku saba zilizopita. Wali mara mbili, samaki mara tatu, sukari ipo, mafuta yapo. Machi kwetu ni mwezi mgumu: fedha ya korosho imeshakwisha na mahindi mapya bado yako shambani. Nikajiambia kwamba kaya inayokula wali na samaki Machi ina kitu. Nikajumlisha, nikagawa, ikatoka juu ya mstari wa umaskini. Si maskini. Nikashukuru, nikahamia nyumba ya pili.

Mwaka 2017 nilimkuta mama yuleyule anapalilia mikorosho kwa kibarua. Mikorosho yenyewe ilikuwa yake, aliyopewa na mama yake. Ule wali na wale samaki wa 2015 walitoka kwenye rehani. Mtoto wake mdogo aliugua, akaweka rehani mikorosho arobaini kwa misimu mitatu, akalipia matibabu, na kilichobaki wakala. Dodoso langu halikuwa na swali la rehani. Nilimwandika "si maskini" mwezi uleule aliokuwa anaanza kuwa maskini, na misimu iliyofuata, bei ilipopanda kuliko tulivyozoea, aliyevuna alikuwa yule aliyempa fedha za rehani.

Tangu hapo nina daftari langu mwenyewe, kaya 30 za kitongoji chetu, nazipitia kila mwaka. Ninayoeleza hapa ndiyo ninayoyafanya. Yanamfaa katibu wa kikundi cha hisa, mtendaji, mwalimu, au kijana aliyerudi nyumbani na shahada na anataka kujua kijiji chake kinapanda au kinashuka.

Kaya ni nani?

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na huwa hawajui kama wameharibu. Tafsiri ya kitakwimu ni nyepesi: watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Sasa njoo nayo huku. Mzee ana wake wawili, mmoja Newala na mwingine Kitangari, analala huku siku nne na kule siku tatu. Binti ameachika, amerudi kwa mama yake na watoto wawili, lakini mahindi yao wanahifadhi mbali na wanapika mbali. Kijana analala geto na rafiki zake, ila jioni sahani yake iko kwa mama. Korosho zikianza kuanguka, nusu ya watu wanahamia mashambani kwa wiki kadhaa na nyumba inabaki na bibi na wajukuu.

Mimi siulizi "mko wangapi?" Naandika jina la kila mtu anayetajwa, halafu kwa kila jina nauliza maswali manne. Jana alilala wapi? Jana alikula chungu kipi? Akipata fedha, anampa nani? Akiugua, nani anamtibu? Majibu yote yakielekea nyumba moja, huyo ni wa kaya hiyo. Yakigawanyika, naandika yalivyo na sibani jibu liingie kwenye kisanduku. Yule mzee wa wake wawili kwenye daftari langu ana nusu Newala na nusu Kitangari, na hesabu haijawahi kunigomea kwa sababu hiyo.

Andika pia mali ni ya nani ndani ya kaya. Kwetu mume anaweza kuwa na mikorosho yake na mke ya kwake, kila mmoja kwa upande wa ukoo wake, na ndoa ikivunjika kila mti unarudi kwa mwenyewe. Kaya namba 7 ilikuwa miongoni mwa zenye nafuu. Waliachana 2019. Mume alibaki na nyumba ya bati na shamba, mke akaondoka na watoto wanne na vyombo. Sasa ninao 7A na 7B. Ningeendelea kumtembelea aliyebaki kwenye nyumba peke yake, daftari lingesema kaya namba 7 imepanda, maana mali ni ileile na walaji wamepungua. Umaskini ulitoka mlangoni na mkoba, ukaenda kwa mama yake.

Chakula na matumizi

Kwa chakula uliza siku saba. Ukirudi nyuma zaidi watu wanasahau, ukiuliza jana peke yake unaweza kukutana na siku ya harusi. Kwa sabuni, vocha, nauli, dawa na maji uliza mwezi mmoja. Huku juu kiangazi maji ni fedha: usipoandika ndoo ngapi zimenunuliwa na kwa bei gani, umeacha tundu kubwa. Nguo, sare, matibabu makubwa, sherehe ya unyago na ujenzi, uliza mwaka mzima.

Kisichonunuliwa ndicho kinachopotea. Mwaka wa kwanza nilikaa barazani kwa bibi mmoja, nikamwuliza muhogo walioula juzi.

"Sahani moja tu, mwanangu."

Nilikuwa na mizani ya kuning'iniza. Nikamwomba anionyeshe sahani yenyewe. Akatoka na sinia la bati lenye maua mekundu, akalijaza makopa, yaani muhogo mkavu, mpaka ukingoni kama alivyofanya juzi, tukayamimina kwenye mfuko na kuyapima: kilo mbili na robo. Mimi kichwani nilikuwa nimeshaandika nusu kilo. Nikafuta. Tukaendelea mpaka mwisho, nikafunga daftari, naaga, ndipo akasema:

"Hujaniuliza ming'oko."

"Si nimekuuliza chakula chote, bibi?"

"Umeniuliza cha dukani, ukaniuliza cha shambani. Ming'oko ni ya porini."

Walikuwa wamekula ming'oko, ile mizizi ya porini, siku tatu kati ya saba. Kwa hiyo sasa nauliza vyanzo vinne kwa maneno hayohayo: cha dukani, cha shambani, cha porini, cha kupewa. Na kila kipimo nakigeuza kuwa kilo. Kibaba cha huyu si kibaba cha yule, fungu la dagaa la Jumatatu si la Ijumaa. Ukishapima sinia la kaya mara moja, liandike kwenye ukurasa wake wa kwanza, mwakani hutalipima tena. Kisichonunuliwa kipe bei ya sokoni kwenu, si ya mjini Mtwara.

Ukishapata jumla ya mwezi, usigawe kwa vichwa. Mtoto wa mwaka mmoja hali kama baba yake. Takwimu za taifa letu zinamgeuza kila mtu kuwa sehemu ya mtu mzima kwa umri na jinsia: mwanaume wa miaka 19 hadi 59 ni 1.00, mwanamke wa umri huo 0.88, bibi wa miaka 60 na kuendelea 0.72, mtoto wa miaka 13 au 14 ni 1.00, wa miaka 9 au 10 ni 0.76, mtoto asiyetimiza miaka 3 ni 0.40. Kaya ya yule mama wa rehani ilikuwa na bibi, mama mwenyewe, mvulana wa miaka 14, msichana wa 10 na mdogo wa mwaka mmoja. Jumla 3.76, ingawa vichwa ni vitano.

Mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi uliotumiwa kwenye Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na wa chakula peke yake 33,748. Zidisha kwa 3.76: kaya kama ile ilihitaji kama shilingi 185,443 kwa mwezi ili isihesabiwe maskini, kwa bei za wakati ule. Andika pia imepungukiwa kiasi gani. Kaya iliyokosa elfu tano na iliyokosa laki moja zote utaziita maskini, lakini ukiandika pengo utaona kama ya pili inasogea hata kabla haijavuka.

Bei za wakati ule si za leo. Wengi hapa huchukua mfumuko wa bei wa taifa. Mimi nina kapu langu: unga wa sembe, mchele, mafuta, sukari, dagaa, sabuni ya mche, chumvi, madaftari, ndoo ya maji. Vitu vilevile, kiasi kilekile, duka lilelile, kila Machi. Tuseme kapu liligharimu 60,000 mwaka wa kwanza na sasa ni 90,000. Bei imepanda mara moja na nusu. Kaya iliyotumia 120,000 mwanzoni na 165,000 sasa itakwambia mapato yameongezeka, na itakuwa inasema kweli. Gawa 165,000 kwa 1.5 upate 110,000. Imeshuka.

Mali, madeni na rehani

Kama ningeruhusiwa kubaki na ukurasa mmoja tu wa daftari, ningebaki na huu. Matumizi yanakwambia watu walikula nini wiki hiyo. Mali inakwambia watakula nini miaka mitatu ijayo. Na vitu hivi viwili vinaweza kwenda njia tofauti kabisa. Anayeuza shamba anakula vizuri kwa miezi sita. Anayejinyima ili anunue mabati anaonekana hohehahe katika mwaka ambao anapanda.

Kwa hiyo hesabu mikorosho, na usiishie kwenye idadi. Mingapi inazaa, mingapi ni mizee, mingapi ni michanga, mingapi iko rehani, kwa nani na mpaka msimu gani. Kaya imeshika rehani ya mtu mwingine? Hiyo nayo ni mali. Salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, ya mwaka huu ilitoka wapi: fedha taslimu, mkopo, au haikupatikana? Ekari za ufuta na mbaazi. Kuku, mbuzi, baiskeli, pikipiki, mashine ya kupulizia, sola. Hisa kwenye kikundi. Deni dukani. Kisha kwa kila kilichoongezeka au kupungua tangu mwaka jana uliza: fedha ilitoka wapi, au ilikwenda wapi? Mbuzi wawili waliouzwa ili mtoto aende chuo na mbuzi wawili waliouzwa kwa ajili ya mazishi si habari moja, japo kwenye jedwali wote ni "mbuzi -2".

Angalia pia alama zinazochakaa. Zamani ukiona simu ndani ya nyumba unajua pana kitu. Leo simu iko hata kwa asiye na chumvi. Ukihesabu maendeleo kwa simu, kila kijiji kimetajirika. Bati bado linasema jambo, lakini uliza nani alilinunua. Mabati mengi hapa yametumwa na mtoto aliyeko Dar es Salaam, na siku mtoto akikosa kazi bati linabaki juu na chini hakuna kitu.

Maskini kwa maneno ya wenyewe

Mtafiti Anirudh Krishna wa Chuo Kikuu cha Duke ana njia anayoiita hatua za maendeleo, na ameitumia India, Kenya, Uganda na kwingineko. Wakalishe watu, uwaulize: kaya isiyo na kitu kabisa ikipata fedha kidogo, inafanya nini kwanza? Kisha nini? Endelea mpaka waseme, hapo sasa huwezi kumwita maskini. Chora mstari hapo.

Nilifanya hivyo chini ya mwembe, wanawake siku moja na wanaume siku nyingine, maana wakikaa pamoja wanawake wananyamaza. Hatua za mwanzo zilifanana: chakula mara mbili kwa siku, nguo za watoto, sare na madaftari, kuziba paa. Walipofika kwenye mstari, makundi yote mawili yalisema jambo ambalo sijaliona kwenye dodoso lolote: maskini ni mtu anayeuza kangomba. Yaani anamuuzia mlanguzi kinyemela, mara nyingine korosho bado ziko mtini, kwa bei ya njaa, kwa sababu hawezi kusubiri mnada. Mwenye uwezo anapeleka kwenye chama cha msingi cha ushirika, zinaingia ghalani, anasubiri fedha kwa stakabadhi, utaratibu tulio nao Mtwara tangu 2007. Umaskini kwao ni kukosa uwezo wa kusubiri. Niliandika swali hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa kila kaya, na kwa macho yangu linatabiri mwaka unaofuata kuliko swali la nyama au la bati. Lakini liulize taratibu, na mkiwa wawili tu. Kangomba inakatazwa, na mtu hatalisema mbele ya jirani.

Kijiji kingine kitakuwa na mstari mwingine. Kilwa watasema habari za nyavu na mtumbwi, Liwale watasema ufuta. Usibebe mstari wetu.

Kama hukuanza mapema na unataka kujua hali ya zamani, usiulize "miaka kumi iliyopita". Hakuna anayekumbuka hivyo. Funga swali kwenye tukio: mlikuwa na nini mwaka lilipofunguliwa Daraja la Mkapa (2003)? Wakati wa vurugu za gesi (2013)? Msimu ule serikali iliponunua korosho kwa 3,300 (2018)? Tulipotahadharishwa juu ya Kimbunga Kenneth (Aprili 2019)? Akishajiweka kwenye tukio atakuonyesha kwa kidole mti aliokuwa amefunga mbuzi.

Mwezi uleule, watu walewale

Usilinganishe Machi na Novemba. Novemba kila mtu ana fedha, Machi hata mwenye nazo anahesabu. Mimi naenda Machi. Ukiweza mara mbili kwa mwaka ni bora zaidi, lakini Machi ilinganishwe na Machi. Na mwaka mmoja mbaya usiuite umaskini, wala mnada mmoja mzuri usiuite maendeleo. Subiri raundi ya tatu.

Kuhusu watu walewale nitasema zaidi kidogo. Utafiti wa 2011/12 ulionyesha asilimia 28.2 ya Watanzania wako chini ya mstari wa mahitaji ya msingi, na ule wa 2017/18 asilimia 26.4. Ni namba muhimu, lakini kila raundi huchagua kaya nyingine, kwa hiyo haiwezi kukwambia nani alitoka na nani aliingia. Ndiyo maana Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina utafiti mwingine, ulioanza 2008/09 na kaya 3,265, uliojengwa kwa kurudi kwa walewale na kuwafuata hata walipohama. Chukua mfano wa kaya 30. Mwaka wa kwanza 9 ni maskini, mwaka wa nane ni 8. Ukiishia hapo utasema hakuna kilichotokea. Ukifungua majina unakuta 5 kati ya zile 9 zimetoka na 4 nyingine zimeingia. Kaya 9 zimebadilika maisha.

Kwa hiyo gawa daftari lako makundi manne: waliobaki chini, waliotoka, walioanguka, waliobaki juu. Kisha kaa na walioanguka na waliotoka, uwaulize sababu kila mmoja kwa nafasi yake, maana mlango wa kuingilia si mlango wa kutokea. Kwangu walioanguka wanataja ugonjwa, kifo na talaka. Waliotoka wanataja ufuta, kukomboa mikorosho, na mtoto aliyepata kazi. Krishna naye alikuta ugonjwa na gharama zake ndio unaoangusha watu kwa wingi.

Aliyehama usimfute. Mkoani Kagera watafiti walifuatilia watu waliohojiwa 1991 hadi 1994, wakawatafuta tena 2004 popote walipokuwa, na matumizi ya waliohama yalikuwa yamekua kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya wenzao waliobaki. Ukiwatupa, unapima kijiji kilichoachwa. Chukua namba ya simu ya aliyehama na ya ndugu wawili.

Siri

Anza kwa mtendaji na mwenyekiti wa kitongoji, uwaeleze wazi unachofanya. Kwenye kaya sema kabla ya kukaa kwamba huna msaada wowote na hiyo si orodha ya TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Watu wakidhani ni orodha ya msaada, baiskeli inahamia kwa jirani. Majina yangu yako kwenye daftari moja, majibu kwenye jingine, yameunganishwa kwa namba tu, na hayalali sehemu moja. Kila Juni natoa muhtasari kwenye mkutano wa kitongoji bila kumtaja mtu.

Yule mama wa rehani ni kaya namba 1. Mikorosho ilimrudia 2018, imejaa magugu, matawi hayajapogolewa. Machi iliyopita niliketi kwake na sinia na mizani. Siku saba: makopa, kisamvu, dagaa mara mbili, ming'oko, wali hakuna. Nikigawa kwa bei ya kapu, anakula chini ya alivyokula siku ile nilipomwandika "si maskini". Nikafungua ukurasa wa mali. Mikorosho arobaini yake yote, kumi na miwili michanga ameipanda mwenyewe, rehani hakuna, deni dukani hakuna, salfa amelipia kutoka kwenye hisa za kikundi. Kangomba: hapana, mwaka wa tatu mfululizo.